Kasha la Plastiki na Majarida ya Guka

Swali la leo limeletwa na kijana wa hapa Mutuini, na nimekaa nalo wiki nzima kwa sababu ndani yake mna maswali mawili, na hilo la pili ni zito kuliko yeye mwenyewe anavyodhani.

La kwanza ni hili. Shangazi yake anayefanya kazi Marekani alimletea zawadi alipokuja Desemba: komiki ya Black Panther, toleo la kwanza la mwaka 2016, lile lililoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze. Komiki hiyo imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki inayoonyesha, na juu yake pana lebo ya buluu yenye nambari 9.8. Kasha halina mfuniko wala bawaba; kulifungua ni kulivunja. Dada yake wa miaka kumi na miwili amelishika, amelitazama mbele na nyuma, na sasa anataka kusoma kilichomo. Kijana amekataa. Anasema plastiki ikivunjwa, thamani imekwenda. Mama yao amewaambia waulize redioni.

La pili kijana amelitia mwishoni, kwa mistari miwili tu. Marehemu guka wake, yaani babu yake, aliacha rundo la majarida ya zamani ya Joe, yamefungwa kwa kamba ya katani ndani ya sanduku la bati. Anataka kuyatuma ng'ambo yapimwe, yapewe gredi, yafungiwe kwenye plastiki vilevile. Anaona hiyo ndiyo heshima anayoweza kumpa guka.

Naanza na lile la kwanza, maana wengi wenu hamjawahi kuliona kasha la aina hiyo.

Kuna kampuni ya Marekani inayoitwa CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000. Mwenye komiki huituma kwao, hulipa ada, na wakaguzi wa kampuni huipitia ukurasa kwa ukurasa. Wanatafuta mikunjo, michaniko, madoa ya maji, rangi iliyofifia. Wanatazama pini za katikati kama zimeshika kutu. Wanahesabu kurasa wajue kama kuna iliyokatwa, wanaangalia karatasi kama bado ni nyeupe au imegeuka manjano, wanachunguza kama kuna mtu aliyepaka rangi au kugundisha mahali palipochanika. Kisha wanaipa alama kati ya 0.5 na 10 na kuifungia. Lebo ya buluu ni ya komiki ya kawaida. Ya njano ni ya ile iliyotiwa sahihi na msanii mbele ya shahidi wa kampuni. Ya zambarau huonya kwamba komiki imefanyiwa ukarabati. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachoonekana ila jalada la mbele na jalada la nyuma. Ukilivunja kasha, hata kama hukuigusa komiki yenyewe, ile 9.8 imefutika, na ukiitaka tena utalipa upya na kupimwa upya.

Nisingependa mtu awaone watu hawa kuwa wajinga. Tatizo walilolitatua lilikuwa la kweli. Zamani mtu wa Texas alikuwa akimuuzia mtu wa London komiki kwa posta, anaapa kwamba ni safi kama ilivyotoka kwa mpigachapa, kumbe ukurasa wa katikati haupo. Yeyote aliyewahi kununua belo la mitumba Gikomba anaujua wasiwasi huo. Belo huuzwa likiwa limefungwa. Mfanyabiashara analipa maelfu ya shilingi kabla ya kuona shati hata moja, tegemeo lake ni alama iliyoandikwa juu na sifa ya aliyelifunga. Ni mpaka afike kibandani akate kamba ndipo atajua kama kamera, yaani nguo bora, ni nyingi au amebeba fagia, zile duni. Lakini belo hufungwa ili lije lifunguliwe. Hakuna mtu wa Toi wala wa Kawangware aliyenunua belo akaliweka sebuleni miaka ishirini na kamba zake, akamuuzia mwenzake, naye akamuuzia mwingine, nguo zisivaliwe kamwe. Kwa komiki zenye gredi, hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda. Kuna komiki zilizofungiwa tangu kampuni ianze, zimepita mikono mingi, na katika wenyewe wote hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja wa nakala aliyoilipia.

Na fedha zinazolipwa ni nyingi. Aprili 2024, mnada wa Heritage huko Marekani uliuza nakala ya Action Comics nambari 1, iliyotoka mwaka 1938, ile ambayo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na gredi ya 8.5. Ililipiwa dola milioni 6, yaani zaidi ya shilingi milioni 750 za kwetu. Ilipotoka iliuzwa senti 10 za Marekani.

Jiulizeni kwa nini bei hiyo. Nakala zake zilichapishwa takriban 200,000, na inakadiriwa kwamba zilizobaki duniani zinakaribia 100. Hizo nyingine zilisomwa. Watoto walizikunja wakazitia mfukoni, wakabadilishana shuleni, mama zao wakazitupa. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, watu wakahimizwa kutoa karatasi kuukuu zikasagwe upya, na komiki zikaenda na magazeti. Uhaba wake ulitokana na kupendwa na kutumika. Hakuna aliyejua mwaka 1938 kwamba kuna kitu cha kuhifadhi.

Sasa watazameni wale waliojua mapema. Novemba 1992 ilitoka Superman nambari 75, ambayo ndani yake Superman anauawa. Iliuzwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na mfukoni mna kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama cha matanga. Watu walipanga foleni nje ya maduka. Wengi walinunua mbili, moja ya kusoma na moja ya kuacha mfukoni hivyo hivyo, wakiamini kwamba itawasomeshea watoto chuo kikuu. Mwaka mmoja kabla yake, X-Men nambari 1 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 8, na nyingi zilinunuliwa kwa nia hiyo hiyo. Basi kila mtu alihifadhi, hakuna kilichopotea, na baada ya miaka thelathini ile Superman ya mfuko mweusi bado inapatikana kwa bei ndogo mno ukilinganisha na matumaini yaliyonunuliwa nayo. Soko la komiki la Marekani lilianguka katikati ya miaka ya 1990, na maduka mengi yakafungwa.

Kwa hiyo, kijana wangu, ile Black Panther yako. Mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa komiki zilizouzwa zaidi Marekani. Inakadiriwa maduka yaliagiza zaidi ya nakala 250,000 za toleo hilo la kwanza. Wengi walinunua wakijua ni tukio, wakaziweka vizuri. Gredi ya 9.8 kwa komiki ya karibuni kama hiyo si jambo la ajabu. Sitakuambia uivunje, kwa kuwa ni zawadi ya shangazi yako na alikuletea jinsi alivyotaka uipate. Iache. Lakini usimwache dada yako na hamu yake. Hadithi hiyo imetolewa pia kama kitabu cha kawaida kinachokusanya matoleo kadhaa ya mwanzo, na inasomeka hata kwenye simu kwa njia halali. Mtafutie. Asome mpaka kurasa zilegee. Ukiifunga nakala yako, hukumnyima mtu yeyote duniani kitu chochote, kwa sababu nakala nyingine ziko kila mahali, wazi. Ukiifungua, hukuharibu historia ya mtu. Kwa hiyo hilo la kwanza ni jambo la fedha na furaha za nyumbani, mlimalize mezani na mama.

Niongeze neno moja tu kuhusu kuliamini kasha kupita kiasi. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 ilibainika kwamba kuna mtu aliyetumia vibaya huduma ya CGC ya kubadilisha makasha yaliyokwaruzika, na komiki za hali duni zikaingia ndani ya makasha yenye lebo za juu. CGC yenyewe ilitangaza jambo hilo na kuwaonya wanunuzi. Wako waliolipa fedha nyingi, wakakaa na kasha nyumbani, bila kujua kwamba kilichomo sicho kilichoandikwa. Hawangejua, kwa sababu hawakufungua.

Sasa tuje kwa guka.

Joe lilianza mwaka 1973 hapa Nairobi. Waanzilishi walikuwa wawili: Hilary Ng'weno, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation na ambaye baadaye alianzisha Weekly Review, na Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyekuja Kenya miaka ya 1960 kufundisha sanaa na hakurudi tena. Joe mwenyewe, yule mtu wa kawaida wa mjini, alikuwa ameanzia katika safu ya Ng'weno gazetini kabla hajapewa jarida lake. Ng'weno alipojitoa, Hirst na mkewe waliendelea nalo mpaka lilipokoma mwaka 1979. Ndani yake walichora na kuandika watu wengi wa hapa. Edward Gitau, baba wa Juha Kalulu ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miongo mingi, alichora humo pia. Mlikuwa na katuni, hadithi fupi, barua, matangazo ya biashara. Lilikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha Nairobi, cha mtu aliyeshuka kwenye basi na mshahara umebaki nusu siku ya tarehe kumi.

Nililisoma nikiwa kijana, kwa kinyozi wa Dagoretti Corner. Nakala ilikuwa moja, na foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika mikononi mwangu jalada lilikuwa limekwisha kutoka, na mtu alikuwa amejaza maandishi ya wino pembeni akibishana na mchoraji. Tulicheka kwa sauti, mzee mmoja akatuuliza kilichoandikwa, tukamfasiria kwa Kikuyu, naye akacheka kutupita sisi. Mtu aliyekuja Nairobi kutafuta kazi katika miaka hiyo alijiona katika kurasa zile: kodi ya nyumba, bosi, harusi ya jamaa inayohitaji mchango, jamaa wa nyumbani aliyekuja kwa siku mbili na amekaa miezi miwili, baa ya mwisho wa mwezi. Kitabu cha historia kitakuambia ni nani aliyekuwa waziri mwaka 1975. Joe litakuonyesha kiatu alichovaa karani wake, na jinsi alivyoketi kwenye basi.

Na yako wapi leo? Maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo zina matoleo kadhaa, na wasomi wameandika makala juu yake. Hapa mjini ukiwauliza wauza vitabu wa kando ya barabara, kwenye zile meza na magunia ya Tom Mboya Street ambako tunainama kuchagua, watakuonyesha vitabu vya shule, riwaya za Marekani, na majarida ya mitindo. Joe ni bahati. Yaliyokuwa majumbani yaliwashia jiko la makaa. Yalifungia karanga. Sisi tunaokaa karibu na vichinjio vya Dagoretti tunajua vizuri sana mwisho wa karatasi kuukuu: buchani, imezunguka nusu kilo ya nyama, imelowa damu, imetupwa kabla mboga haijaiva. Ndivyo zilivyokwenda nakala nyingi za African Film pia, zile za picha za Lance Spearman ambazo Drum Publications walitoa na vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakaziazimana mpaka zikasagika. Ndivyo kilivyokwenda Pichadithi, mfululizo wa miaka ya 1980 ambamo Hirst na wenzake walizichora hadithi za wazee wetu, Lwanda Magere akiwa mmojawapo. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi na kumuumba Akokhan, alifariki katika ajali ya matatu mwaka 2012. Hirst alifariki 2015. Ng'weno 2021. Hakuna atakayetuchorea upya.

Ndiyo sababu nasema, kijana wangu, usiyafungie. Nasema kwa nguvu zangu zote. Yule wa Marekani anayeifungia Black Panther anafungia nakala moja kati ya laki mbili na nusu. Wewe huenda unashika toleo ambalo nakala zake zilizobaki Kenya zinahesabika kwa vidole. Ukilifungia ndani ya plastiki ibakie jalada tu, kurasa zote za ndani zimetoka duniani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayetaka kuandika juu ya Edward Gitau hataziona. Mjukuu wa msichana aliyeandika barua kwa mhariri mwaka 1974 hataziona. Dada yako hataziona. Wewe mwenyewe hutaziona, na ni wewe unayesema unamheshimu guka kwa kuhifadhi kitu ambacho yeye, kwa jinsi ulivyonieleza, alikisoma mpaka usiku kwa taa ya mafuta.

Hata kwa hesabu ya fedha mpango huo hausimami. Kampuni ya gredi haina ofisi Nairobi. Utalipa usafiri wa kwenda na kurudi, bima, ushuru, na ada ya kila jarida, na karatasi za miaka hamsini zitapita katika maghala na magari ya mabara mawili. Bei ya komiki yenye gredi hujengwa juu ya mauzo yaliyotangulia: mnunuzi anatazama nakala kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani mwaka jana na mwaka juzi. Joe halina historia hiyo. Utarudishiwa kasha zuri lenye nambari ya chini, kwa maana jarida lililosomwa na guka wako pamoja na majirani zake haliwezi kupata 9.8, na nambari hiyo itasema uongo juu ya thamani yake. Wino aliopigia mstari chini ya sentensi iliyomchekesha, mbele ya mkaguzi ni kasoro ya kupunguza alama. Kwenu ni mwandiko wa guka.

Kuna mkusanyaji mmoja wa Kenya ambaye ningependa umjue. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii, mwaka 1966, akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Maisha yake yote alinunua: vitabu, michoro, stempu za posta, nguo, vinyago. Pamoja na Alan Donovan alianzisha African Heritage mwaka 1972. Hakuna aliyemshinda hapa kwa upendo wa vitu. Angeweza kuuza mkusanyiko wake ng'ambo kwa fedha nyingi, na walikuwapo walioutaka. Badala yake vitabu na hati zake viliingia mikononi mwa serikali ya Kenya, na leo, ukipanda ngazi za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, utakuta jina lake kwenye jumba la maonyesho na kwenye maktaba. Mna zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Unajiandikisha, unaweka begi lako nje, unaomba, unaletewa, unasoma ukiwa umeketi. Nyumba yake ya Muthaiga, ambayo ilikusudiwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, ilibomolewa, na hilo bado linaniuma kila ninapopita upande ule. Lakini vitabu viko, na vinafunguliwa.

Najua utaniuliza: je, vikiguswa na kila mtu si vitachakaa? Vitachakaa, kama havikutunzwa. Karatasi ya magazeti ina asidi ndani yake tangu kiwandani. Inajila yenyewe polepole, na jua na joto huiharakisha. Kasha la plastiki haliizuii asidi hiyo, wala halizuii hewa kiasi cha kukinga unyevu, maana halikuzibwa kabisa. Hapa Mutuini tuna adui wa pande mbili: Julai, ukungu na baridi inayofanya kuta zitoe maji, na Februari, mabati yanayopika kila kitu kilicho karibu na paa. Sanduku la bati la guka liliokoa majarida hayo na panya, na tunashukuru, ila sasa litolewe sakafuni, liwekwe chumba kisicho na moshi wa jiko wala jua la moja kwa moja. Ile kamba ya katani ifunguliwe, inakata pembe. Kila toleo lipate mfuko wake wa plastiki ya poliesta na kadi isiyo na asidi nyuma yake, vitu ambavyo wakusanyaji wa komiki hununua kwa mamia na vinaagizwa kwa bei isiyotisha. Mfuko huo unafunguka. Unatoa, unasoma, unarudisha. Usitumie selotepu mahali palipochanika, hata kidogo. Gundi yake hugeuka kahawia na kuingia ndani ya karatasi, na hakuna wa kuitoa. Pini zikiwa na kutu, ziache mpaka umpate anayejua.

Na kabla ya yote hayo, piga picha. Kila ukurasa, jalada mpaka jalada, matangazo yakiwemo, kwa mwanga wa dirisha asubuhi, jarida likiwa limelala na si kushikwa mkononi. Simu uliyonayo inatosha. Picha hizo ni za kuhifadhi. Si ruhusa ya kuuza wala ya kusambaza, kwa maana sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na familia ya Hirst ina haki ya kuulizwa. Ukishakuwa na picha na orodha, nenda McMillan pale Banda Street, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931, ambako Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wa Book Bunk wamefanya kazi kubwa ya kuirudishia uhai, au nenda Hifadhi ya Nyaraka, uwaulize wanachokosa. Si lazima uwape nakala za guka. Unaweza kuwaonyesha, wakajua kwamba zipo na ziko kwa nani.

Jambo jingine, na hili ni kwa kila anayenisikiliza. Mwaka 2010 lilitoka jarida la komiki la Shujaaz, la kampuni ya Well Told Story, kwa Sheng, bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mnamkumbuka DJ Boyie na redio yake ya chumbani. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lilikuwa kila mahali, likakanyagwa stejini, likafungia mandazi. Ni nani hapa Mutuini, Waithaka, Ruthimitu au Ngando aliye na toleo la kwanza? Watoto waliolisoma sasa ni wazazi. Liko katika hatua ile ile ambayo Action Comics ilikuwa mwaka 1950: limekwisha kutupwa na karibu kila mtu, na hakuna aliyeanza kulitafuta. Angalieni chini ya godoro, kwenye makabati ya shule, katika stoo za makanisa. Mkilipata, lisomeni, kisha mliweke pakavu.

Nimezungumza na kijana huyu kwa simu kabla ya kuingia studioni. Amekubali kuahirisha kutuma. Nyanya yake, cucu, bado yuko, na anaonea fahari kwamba anawakumbuka watu ambao guka aliwaazima majarida na hawakurudisha. Nimemwomba kijana aketi naye, afungue kurasa moja moja mbele yake, na aandike anayoyasema. Jumamosi watatengeneza orodha, dada yake akiandika nambari na tarehe. Kwa hesabu ya haraka aliyoifanya, rundo lina pengo kubwa katika miaka ya mwisho. Kama wewe msikilizaji una Joe lolote la 1978 au 1979, hata lisilo na jalada, hata lililokatwa kuponi, usilitupe na usilifungie. Piga simu hapa kituoni, uache jina la mtaa wako na nambari ya toleo, nasi tutawakutanisha.